Mjadala: Je, msanii ana haki ya kutusema sisi wenyewe mbele za watu?

Mwalimu wa Gungu

Ndugu zangu wa Kigoma na majirani zetu wa Tabora, naomba tulijadili jambo ambalo limenikosesha raha tangu Ijumaa iliyopita. Katika mahafali ya kidato cha nne ya shule moja hapa mjini, wanafunzi wanane walighani ngonjera waliyoitunga wenyewe, nami nikiwa mwalimu wao wa Kiswahili nilisahihisha vina na mizani tu, maudhui nikawaachia. Ubeti wa kwanza ulimsema mvuvi anayekokota kokoro usiku na kukomba hata samaki wachanga, ukakumbusha kwamba Ziwa Tanganyika lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane, na bado wapo waliotoka kimyakimya. Ubeti wa pili ulimsema baba anayelipa mchango wa harusi kwa wakati lakini ana deni la madaftari ya mwanawe. Kisha ukaja huu, wa mchuuzi na sado, lile kopo analopimia:

*Sado umeibonyeza, kitako kimeingia,*
*Wapunja na kujikweza, wateja wawasifia,*
*Mwanao wamwelekeza, naye aje kuibia,*
*Ni nani unamliza, kama si jirani pia?*

Hapo mzazi mmoja akasimama, akasema kwa sauti, "Tumekuja kupokea vyeti, hatukuja kutukanwa." Mshereheshaji akaomba muziki, na watoto wakateremka jukwaani wakiwa na beti mbili ambazo hazikusikika. Mmoja wao alikuwa bado ameshika ile sado tupu waliyoitumia kama kifaa cha maonyesho, hajui aiweke wapi.

Kilichoniuma ni hiki. Mwaka jana, katika ukumbi huohuo, wanafunzi waliotangulia walighani shairi la kumsema mkandarasi aliyeacha barabara na mashimo, wakapigiwa makofi na kutunzwa noti mpaka zikaanguka sakafuni. Inaelekea tunampenda msanii anapomnyooshea kidole mtu asiyekuwepo ukumbini, na tunamzima anapotugeukia sisi tuliokaa mbele yake. Naomba mniambie kama ninakosea: je, kazi ya sanaa ya kukosoa jamii inaishia kwa viongozi, au na sisi ni jamii?

Mama Kibirizi

Mwalimu, shikamoo. Nimeusoma ubeti wako mara tatu na mikono inatetemeka. Mimi nauza dagaa mwaloni Kibirizi tangu marehemu mume wangu akiwa hai, na nimesomesha watoto wanne kwa sado hiyo mnayoiimbia. Ninaamka kabla ya adhana kuwahi mitumbwi, ninanunua dagaa wabichi, ninawaanika kwenye chanja kwa sababu wa mchangani hawana bei tena, mvua ikinyesha ninawaanua mbio, na siku ya mawingu ninaweza kupoteza mtaji wote kwa saa mbili. Leo mtoto ambaye kaptula yake imenunuliwa kwa dagaa anasimama jukwaani kuniita mwizi!

Na mbona hawakumwimba tajiri anayetoka mbali kuja kununua kwa lumbesa? Yeye anakuja na gunia lenye kilemba, kijana wake anapanda juu kushindilia kwa miguu, halafu analipa bei ya gunia moja. Huyo hamjamwona? Mmemwona mama mwenye sado kwa sababu mama mwenye sado hana wa kumtetea.

Mzee wa Ujiji

Marahaba kwa wote mlionisalimu na msionisalimu. Mimi nadhani kosa la watoto hawa ni namna, wala si jambo lenyewe. Wazee wetu walikosoana sana, lakini walikuwa na mlango wa kupitia. Mtani alikuwa na ruhusa ya kusema msibani kile ambacho ndugu hawezi kukitamka, akamtaja marehemu kuwa alikuwa mchoyo, na hakuna aliyekasirika kwa kuwa utani ulikuwa ni ngao. Mwanamke aliyechoshwa na jirani yake alinunua kanga yenye maneno, akaivaa akapita nayo mlangoni, ujumbe ukafika bila jina la mtu. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, aliwasema wakubwa wa Unguja kwa mafumbo, na wenyewe wakimsikiliza barazani wakitikisa vichwa. Fumbo humwachia mtu nafasi ya kujirekebisha bila kuvuliwa nguo. Watoto hawa wameingia bila kubisha hodi.

Binti Kasulu

Mzee wangu, shikamoo. Ninakuheshimu, ila kuhusu Siti umeacha nusu. Ule wimbo wake maarufu zaidi haukuwa fumbo hata kidogo, kwa sababu unamtaja Kijiti kwa jina lake, mtu aliyemuua mwanamke aliyetoka Dar es Salaam kutembea Unguja, kisha akatorokea bara, huku wanawake waliosimama kizimbani kutoa ushahidi ndio wakaishia gerezani. Siti alisimulia kesi nzima, hakimu akiwemo, na mwaka 1928 alikuwa ameshafika Bombay kurekodi nyimbo zake kwenye santuri. Alikuwa binti wa ukoo wa watumwa kutoka Fumba, mfinyanzi wa vyungu, hana baba wa kumkinga. Kama angesubiri ruhusa ya kupita kwenye mlango wenye heshima, wale wanawake wawili wangesahauliwa kabisa.

Fumbo ni zuri pale mkosolewa anapotaka kuelewa. Asiyetaka kuelewa hujificha ndani ya fumbo lilelile, akasema halimhusu.

Kijana wa Isevya

Ninaandika kutoka Tabora. Mwalimu, swali lako ni zuri lakini unawatupia lawama wasiostahili. Kukosoa jamii maana yake ni kumkosoa mwenye nguvu. Professor Jay alipotoa "Ndio Mzee" mwaka 2001, alimchora mwanasiasa anayeahidi kila kitu hadi yasiyowezekana, na wananchi wanaitikia tu. Wimbo huo ulifundisha watu wengi kupima ahadi kuliko mikutano kumi ya hadhara. Mama anayepunguza dagaa kiganja kimoja hawezi kuwekwa kwenye mizani moja na mtu anayegawa bajeti.

Hata Mwalimu Nyerere, ambaye tunajivunia kwamba alisoma hapa Tabora tangu 1937 hadi 1942, alipoandika "Tujisahihishe" mwaka 1962 aliwaandikia wanachama wa TANU, chama kilichoshika dola. Alianzia nyumbani kwa mwenye madaraka.

Mpiga Kasia

Ndugu wa Isevya, umeusoma wimbo upande mmoja. Wewe mwenyewe umesema wananchi katika wimbo ule wanaitikia tu. Hao waitikiaji ni nani kama si sisi? Kisa hakikamiliki bila ya umati unaoshangilia uongo. Na kijitabu cha Mwalimu kinasema kwamba ukweli haujali mkubwa wala mdogo, haujali rafiki wala adui. Sasa utauambiaje uishie mlangoni kwa waziri tu?

Mimi ni mvuvi, na ubeti wa kokoro ulinihusu. Sikuvuta kokoro msimu ule wa kufungwa, lakini nilijua nani anavuta, na nilikula samaki wake. Kwa hiyo niliposoma hapa niliinamisha kichwa.

Mfano wangu ni Remmy Ongala. Wakati UKIMWI unatumaliza, yeye aliimba "Mambo kwa Soksi" akituambia wanaume tuvae kinga, na redio ya taifa ikakataa kuupiga. Hakumsema rais wala waziri. Alitusema sisi, vitandani mwetu, na ndiyo maana iliuma. Sisi huku Kigoma tunajivunia mtu yule kama wa kwetu.

Kijana wa Isevya

Remmy hakuwa wa kwenu wala wa kwetu. Alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akaja Dar es Salaam mtu mzima. Na hapo ndipo penye tatizo, kwani mgeni aliyekaribishwa hapaswi kuchungulia chumbani kwa mwenyeji. Labda ninyi wa Kigoma hamlioni hilo kwa sababu kwenu huko mgeni na mwenyeji ni vigumu kuwatofautisha.

Binti Kasulu

Rudia sentensi yako ya mwisho, uisome kwa sauti mbele ya mama yako.

Nimezaliwa Kasulu, mama yangu kazaliwa Kasulu, na bibi yangu amezikwa nyuma ya nyumba tuliyomo. Nilipokwenda kuomba kitambulisho cha taifa katika ofisi moja, ambayo siitaji, mwenzangu kutoka mkoa mwingine aliulizwa jina la baba na la babu, akapewa karatasi ya kupiga picha. Mimi niliulizwa baba, babu, babu wa babu, kijiji alikozikwa, jina la mjumbe wa enzi hizo, kisha nikaambiwa nitamke maneno fulani wasikie lafudhi. Nilirudi mara nne. Kwenye basi la kwenda Mwanza, tulipofika kizuizi cha barabarani, watu wote walibaki vitini, mimi na mama mmoja aliyebeba mtoto tukateremshwa kwa sababu tulikuwa tunazungumza Kiha. Nilikuwa na miaka 19, na mpaka leo nikipanda basi ninakaa kimya safari nzima.

Wewe umeandika mstari mmoja kwa kupita tu. Sisi tunaishi ndani ya huo mstari.

Mpiga Kasia

Dada, pole sana. Nami nimjibu ndugu yangu wa Isevya kwa utaratibu. Kwanza, nakiri kwamba Remmy alizaliwa Kindu, hilo umenisahihisha na ninashukuru. Pili, mtu huyo unayemwita mgeni ana kituo cha daladala jijini, Sinza kwa Remmy, na hakuna abiria anayeshuka pale akauliza hati yake ya kuzaliwa. Tatu, kabla ya kutuhesabia wageni, uitazame Ulyankulu, ambayo iko mkoani kwako. Wakimbizi wa Burundi waliokuja mwaka 1972 walilima pale tumbaku na mahindi kwa zaidi ya miaka 40, na mwaka 2014 nchi yetu ikawapa uraia watu zaidi ya 162,000 wa makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Wale wa Ulyankulu leo ni raia wenzako wa Tabora. Je, kijana aliyezaliwa Ulyankulu akitunga wimbo kuhusu rushwa ya pembejeo za tumbaku utamwambia asichungulie chumbani?

Kijana wa Isevya

Nimewasoma. Dada wa Kasulu, sentensi ile niliiandika vibaya, na ninaiondoa kwa moyo wote. Sikukusudia uraia wa mtu, wala sikujua habari ya basi.

Hata hivyo ninaomba hoja yangu isizikwe pamoja na kosa langu. Nilitaka kusema kwamba mkosoaji anatakiwa awe na kitu cha kupoteza mahali anapokosoa. Anayekosoa akiwa amesimama nje ya kijiji halipi gharama ya maneno yake, na aliyemo ndani ndiye atakayekutana na majirani kesho kisimani. Kwa kipimo hicho, hata Professor Jay nilimwamini zaidi mwaka 2015 alipogombea ubunge wa Mikumi akachaguliwa, kwa sababu aliingia kwenye kiti alichokiimba, na sisi tukapata nafasi ya kumpima kwa wimbo wake mwenyewe.

Mzee wa Ujiji

Mwanangu wa Isevya, umefanya vyema kuiondoa. Lakini kwa kuwa umeligusa, sitalala bila kukueleza. Ujiji ninayoishi imejengwa na wageni watupu. Waha, Wamanyema waliovuka ziwa, Waswahili wa pwani, Waarabu, na babu zako Wanyamwezi waliokuja na mizigo mabegani, wote wameacha makaburi hapa. Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871 chini ya mwembe, misafara ilikuwa imeshaikanyaga njia ya Unyanyembe, huko kwenu Tabora, miaka mingi. Wanyamwezi wenu ndio waliokuwa hodari wa kubeba, na babu yangu alikuwa akituimbia nyimbo za wapagazi hao. Waliimba wakitembea, na ndani ya wimbo walimsema kiongozi wa msafara aliye mchoyo wa posho, na yeye anawasikia, na hawezi kuwafukuza kwa kuwa mzigo wake uko vichwani mwao. Walikuwa wageni kila walipolala, na bado walisema.

Kwa hiyo na mimi ninairekebisha kauli yangu ya kwanza. Wapagazi hawakupiga hodi.

Binti Kasulu

Ahsante, Mzee wangu. Na wewe ndugu wa Isevya, nimeipokea kauli yako, japo itanichukua muda. Kuhusu kitu cha kupoteza, watoto wale wanane wanakaa palepale Gungu na Kibirizi. Wamewaimbia mama zao. Sijui ulitaka wapoteze nini zaidi.

Mwalimu wa Gungu

Nilikuwa ninaufuatilia mjadala kimya, na nimeona jinsi ulivyohama kutoka "tukosolewe au tusikosolewe" kwenda "nani aruhusiwe kukosoa." Sikuusimamisha, kwa sababu ninaamini swali la pili ndilo tunalolitumia kulikimbia la kwanza. Msanii akitusema, tunamtafuta kabila, umri, jinsia, elimu, na mahali alipozaliwa, mpaka tupate sababu ya kutosikia. Mgeni haruhusiwi kwa kuwa ni mgeni, mtoto haruhusiwi kwa kuwa ni mtoto, mwenyeji mtu mzima naye tunamwambia anachafua nyumba yake.

Shaaban Robert aliliona hili mapema. Katika "Kusadikika," kitabu kilichotoka mwaka 1951, Karama anashtakiwa kwa kutaka kufundisha sheria, na utetezi wake wote ni kuwasimulia wajumbe sita waliotumwa pande mbalimbali kutafuta mambo ya manufaa, ambao kila mmoja aliporudi na habari njema alitupwa kifungoni. Huwa ninawauliza wanafunzi wangu ni nani aliyewafunga wajumbe wale, na wao hujibu haraka, "Watawala." Kisha huwauliza raia wa Kusadikika walikuwa wapi siku zote hizo, na darasa hunyamaza.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa "Rosa Mistika" ya Euphrase Kezilahabi. Riwaya ile ilitoka mwaka 1971 ikazuiwa shuleni, ingawa haikuipinga serikali. Ilimwonyesha baba mkali anayemlea binti yake kwa fimbo mpaka binti asijue namna ya kujilinda, na walimu wanaowanyemelea wanafunzi wao. Ilikuwa inatusema sisi wazazi na sisi walimu. Baadaye ikasomwa na kufundishwa, na binti wa kwanza niliyemfundisha riwaya hiyo alikuja baada ya kipindi, akakaa kwenye benchi la mbele, akaniambia jambo lililomfanya mkuu wa shule tuliyekuwa naye wakati huo achukue hatua dhidi ya mwenzetu mmoja. Sitaeleza zaidi. Lakini mtu anayeniambia kwamba sanaa ya kutusema sisi wenyewe haina kazi, mimi ninamkumbuka binti yule.

Mama Kibirizi

Mwalimu, nilikuwa nimeapa nisirudi hapa. Nimerudi kwa sababu ya yule mvuvi aliyesema aliinamisha kichwa.

Nilikuwa na hasira kwa kuwa mimi sijawahi kubonyeza sado, na mbele ya Mungu ninasema hivyo. Lakini mwaka juzi, alfajiri, nilimwona jirani yangu wa meza ya pili akiipasha sado kwenye jiko la mkaa, kisha akaigeuza na kuisukuma kitako kwa mchi wa kinu, taratibu, mpaka ikaingia ndani kama sahani. Binti yake alikuwa amemshikia. Tuliangaliana. Yeye akajua nimeona, nami nikageukia dagaa wangu nikaendelea kuwachambua. Tangu siku hiyo tunasalimiana vizuri kuliko zamani, tunakopeshana chumvi, na hatujawahi kulizungumza. Uliposema "mwanao wamwelekeza," nilimwona binti yule mbele yangu kabisa. Sasa ameolewa, ana meza yake.

Kwa hiyo ubeti haukunitukana. Ulinikuta. Ila bado ninasisitiza kwamba haujakamilika, kwa sababu anayebonyeza sado asubuhi ndiye aliyelaliwa kwa lumbesa jana yake jioni, na mkiimba moja bila jingine mtakuwa mmeona jeraha bila kuona panga.

Mwalimu wa Gungu

Mama, nimewasomea watoto maneno yako leo, kipindi cha mwisho. Yule aliyeshika sado ameuliza kama unaweza kutueleza lumbesa ya dagaa inavyofungwa hatua kwa hatua, kwa kuwa wanataka kuandika ubeti mpya na hawataki kukosea. Wamesoma kwamba Sheria ya Vipimo inaikataza, lakini hakuna kati yao aliyewahi kuiona ikifungwa.

Mama Kibirizi

Waje Jumamosi, mitumbwi ikishafika na jua likiwa limeanza kukausha. Wanunuzi hufunga mizigo kuanzia saa tisa alasiri. Wataona gunia linavyojazwa hadi mdomoni, kijana anavyopanda na kulikanyaga mpaka linashuka robo, wanaongeza tena, halafu wavu unashonwa juu kwa uzi wa nailoni na kujazwa mpaka kinatokea kile kilemba. Waambie wahesabu wenyewe ni sado ngapi zinaingia kwenye kilemba peke yake. Wasije na sare za shule, maana wanunuzi wataacha kufunga wakiwaona. Na jirani yangu wa meza ya pili nimemwambia watakuja. Ameuliza kama watataja majina, nikamjibu kwamba sijui, nitamuuliza mwalimu wao.

Mwalimu wa Gungu

Hawatataja, Mama. Lakini ubeti wa sado unabaki kama ulivyo, nao wamekataa kuufuta nilipowauliza. Mwambie hivyo kabla hatujafika, asije akadhani tumemficha.